Barua Niliyosema Imefika

Steshenari yangu hapa Kilosa ina anwani moja tu ya baruapepe, na kwa miaka mingi nilijivunia hilo. Mtu akitaka kuomba kazi anakuja, anajieleza, mimi nachapa. Kichwa cha barua ni kile kile tulichofundishwa shuleni, kwa herufi kubwa na mstari chini: YAH: MAOMBI YA KAZI. Nabadilisha jina na namba ya simu, natuma. Siku nyingine zilitoka hata kumi kabla ya adhuhuri.

Akaja mama mmoja wa Ulaya, hiki kijiji chetu cha huku Kilosa, si kwa Wazungu, mjane aliyepikia harusi na misiba maisha yake yote. Alitaka kazi ya jikoni katika hoteli moja kule Mikumi. Alisimama nyuma yangu mpaka nikabonyeza kutuma. Papo hapo likaja jibu la Kiingereza. Wateja walikuwa wamejaa, nami sina subira. Nikaona neno "delivery", ambalo hata wauza magauni wa mtandaoni wanalo: tunafanya delivery mikoani.

"Imefika, mama," nikamwambia. "Subiri wakupigie."

Alisubiri miezi mitatu. Kila akija mjini anapita dukani kuuliza. Mimi na kiherehere changu nikamweleza kwamba siku hizi hoteli zinataka wasichana, nikidhani namfariji. Akaacha kuuliza. Siku moja nilimwona sokoni, amekonda, ananikwepa. Roho ikaniuma. Nikamwambia twende Mikumi tukaulize wenyewe.

Dada wa ofisi ya hoteli alimwamkia mama shikamoo, akatafuta barua, hakuiona. Nikamwonyesha lile jibu kwenye simu yangu, niko tayari kwa ugomvi. Yeye akalisoma mpaka mwisho, jambo ambalo mimi sikulifanya.

"Dada, hii ilirudi. Wameandika delivery imeshindikana. Haikuingia kwetu kabisa."

Akanieleza taratibu. Anwani moja ikituma kutwa barua za kichwa kimoja kwa majina tofauti, mitambo huidhania ya matapeli na kuitia kwenye orodha nyeusi. Tangu hapo kila inachotuma kinazuiwa. Mimi, tapeli! Nilipandwa na hasira, kisha nikakosa wa kumkasirikia. Nafasi ya jikoni ilikuwa imeshajazwa.

Nikageuka kumwomba mama radhi. Alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kanga, nikajua analia.

"Kwa hiyo hawakuisoma?" akauliza.

"Hawakuisoma, mama."

"Kumbe hawakunikataa!"

Alipoishusha kanga alikuwa anacheka. Akamshukuru yule dada, akamshika mikono yote miwili, kisha akanigeukia na mimi, akanishukuru kwa kumsindikiza. Afadhali angenitukana.