Konzi Nzima ya Sanamaki

Nimekosa, ndugu zangu, na shetani simsingizii. Wivu ulikuwa wangu mwenyewe.

Nilimwacha mchumba wangu Zaina hapa mtaani Kilole nikaenda kuhangaika machimboni, nikidhani atanisubiri. Niliporudi na mvi zangu, nikamkuta ameshakuwa mke wa Hassani, muuza dawa za Kihindi hapa Korogwe.

Kilichonichoma zaidi ni mama yake. Zamani aliniita mkwe, akinibakizia bada, ule ugali wa muhogo. Sasa kila neno, "Hassani wangu!" Lo!

Siku moja nilimkuta Hassani kwa mama huyo. Mama alikuwa amefunga choo, Hassani akampimia sanamaki, majani ya jangwani kule India. Alichota kwa ncha za vidole, akatia na tangawizi ili tumbo lisisokote.

"Loweka, mama, usichemshe. Inafungua tumbo, lakini ukizidisha inakukausha mwili. Wahindi hata mjamzito hawampi ovyo."

Alipotoka tu, nikacheka. "Mama, huyo anakubania! Hiyo si dozi ya kuku?"

"Na wewe umekuwa mganga tangu lini?"

"Nimetembea, mama!"

Kwenye mfuko alioacha Hassani wa siku zinazofuata nikachota konzi nzima, nikachemsha, nikampa. Nilitaka apone kwa mkono wangu, Zaina asikie.

Jamani! Kulipokucha tumbo lilikuwa limemwendesha hadi macho yameingia ndani. Akalazwa, akatundikiwa dripu. Mtaa mzima ukapiga kelele: "Dawa za Hassani zitatuua!"

Nilikuwepo. Nikanyamaza. Tena nilifurahi kidogo, Mungu anisamehe!

Wateja wakamkimbia. Hassani akahamishia meza yake Segera, na Zaina akaenda naye. Sasa hata kumwona akipita sipati.

Mama aliporudi nyumbani nikaenda kumjulia hali. Nikamwuliza kwa nini hajanitaja.

"Kwani nilikuwa sijui ni nyingi? Nilikuona unavyohangaika kupendwa, mwanangu, nikanywa. Ya kumwambia Hassani ni yako."

Nilifika Segera. Nikamwona Hassani kaketi, meza imejaa, mnunuzi hakuna. Miguu ikanirudisha.

Tangu hapo, nikimwamkia mama shikamoo, ananijibu, "Marahaba, mgeni." Mgeni! Mimi niliyelilia kurudi nyumbani miaka yote!

Hassani, kama unasoma hapa: dawa yako haikuwa na kosa. Mkono ulikuwa wangu, na nitakuja kuyasema haya mbele ya meza yako, watu wasikie.

Nanyi wenzangu, mkimwonea mtu wivu, mnunieni, msengenyeni, lakini kipimo chake cha dawa msikiguse. Atakayekunywa siye mnayemchukia.