Siku Kumi za Mama Denis

Hilda, ambaye Mwika nzima ilimwita Mama Denis, aliuza ndizi sokoni miaka ishirini kabla ya kuanza kuchua watu. Kuchua alikurithi kwa bibi yake kule Mkuu, aliyekuwa akikanda wanawake waliojifungua kwa maji ya moto na samli. Kupatana bei alijifunza mwenyewe. Taja kubwa, mteja akate, mkutane pale ulipopataka tangu mwanzo.

Alipohamia kwenye migongo hakuona sababu ya kubadili mtindo. Aliyehitaji kupumzika siku tano aliambiwa kumi. Mchagga hakai bure siku kumi hata ukimfunga kamba kama mbuzi; atapunguza tu, na mwisho atapumzika zile tano. Wakata majani walipona hivyo, wachuma kahawa walipona hivyo.

Jumatatu moja, masika yakikaribia, alikuja Elisaria, mpagazi wa mlimani, amepinda kiuno kama mundu. Mkewe, Anyesi, alikuwa nyuma yake.

"Shikamoo, Mama Denis."

"Marahaba. Safari hii umebeba mlima wenyewe?"

"Ninyooshe tu. Alhamisi mkuu wa wapagazi anachagua watu kwenye geti la mlima. Akiniona hivi ananiacha, na mvua zikianza hakuna safari tena."

Alimlaza mkekani, akamkanda kwa kitambaa cha moto, akapitisha samli. Misuli ya kiuno ilikuwa migumu kama kamba iliyolowa, na hiyo aliizoea. Kilichomsumbua ni mguu wa kushoto. Ulikuwa na ganzi mpaka kidole gumba. Akamwambia asimame, atembee kwa visigino. Wayo wa kulia uliinuka. Wa kushoto ulipiga sakafu, pwa.

"Hii si ya kuchua peke yake," Hilda alisema. "Nenda hospitali wakupime mgongo. Na usiguse mzigo siku kumi."

"Tatu."

"Sitanii, Elisaria. Kumi."

"Mama Denis, kumi zako zinajulikana. Mwaka jana uliniambia kumi, nikalala nne, nikapona. Hospitali nitaenda nikishuka."

"Huyu anapatana bei na uti wake wa mgongo," Hilda akamwambia Anyesi.

"Mimi ananikatia hata hela ya chumvi ya mboga."

Wakacheka. Kicheko kilipoisha, Hilda alikuwa ameshakubali siku tatu. Kumi za safari hii zilikuwa kumi kweli, pengine hazikutosha. Lakini angemwambiaje mtu kwamba leo hakuongeza, na jana na juzi aliongeza?

Akamchua siku tatu, na akamchua vizuri. Hilo ndilo lililomkaa rohoni baadaye. Maumivu yaliyokuwa yakimzuia Elisaria kuinama, aliyaondoa kwa mikono yake mwenyewe. Ganzi ikabaki palepale. Alhamisi getini Elisaria aliinama, akainuka na mzigo kama kijana, akachaguliwa.

Siku ya tano ya safari, wakishuka, wayo ambao hauinuki ulijikwaa kwenye jiwe. Akaanguka, na mzigo juu yake. Alifikishwa chini kwa machela. Mjini Moshi walimpasua mgongo, wakamlaza wiki saba, kisha wakamrudisha nyumbani, kihambani kwake, miguu yote miwili haimsikii.

Sasa kila asubuhi Hilda huenda pale, ingawa hakuna aliyemwita. Hulisogeza goti la mgonjwa mpaka kifuani, huzungusha kifundo, huvuta kisigino, ili viungo visikaze vikabaki vimepinda. Kisha humgeuza ubavu, atazame kama ngozi imeanza kuchubuka. Mara kumi mguu wa kulia, mara kumi wa kushoto.

"Leo tufanye tano," Elisaria alisema asubuhi moja.

"Kumi."

"Sita, mama. Inatosha."

Hilda alisogea pembeni. Alimwita Anyesi, akamwekea mkono chini ya kisigino cha mumewe, maana mwenyewe vidole vilianza kumuuma.

"Shika hapa, mwingine chini ya goti. Polepole, usirushe. Na akikukatia, usimjibu."

Anyesi alikunja, akanyoosha. Alipofika saba akauliza, bila kuinua macho, "Hivi mpaka lini, Mama Denis?"

Maishani mwake Hilda hakuwahi kukosa idadi ya kutaja. Safari hii aliinama, akausogeza mkono wa Anyesi chini ya goti.

"Nane," akasema. "Endelea."