Pungufu ya Kilo Moja na Ushei

Kiwandani wote walimwita Bi Mizani, hata wale waliolijua jina lake. Kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa moja tu: kupima uzito wa Vipanga, zile manowari ndogo za anga za juu zinazobeba watu wanne na kukimbia kuliko chombo kingine chochote cha jeshi. Kipanga hakina silaha kubwa wala ngozi nene. Kinga yake ni mbio, na mbio zake ni wepesi. Kwa hiyo pale kiwandani uzito ulikuwa adui wa wote. Mafundi walikata ncha za skrubu, wapaka rangi walipaka tabaka moja, na wanamaji wa vyombo vile walinyoa vichwa ingawa hakuna aliyewaagiza.

Kazi ilimfuata mpaka nyumbani. Alipopokea mfuko wa unga dukani aliupandisha na kuushusha kidogo mkononi, akamtazama muuzaji, na muuzaji akaongeza kiganja kimoja bila kuulizwa. Mjukuu wake alinyanyuliwa kwanza, ndipo shikamoo yake ikaitikiwa. Akiwa amepungua robo, mama yake aliulizwa ni nani anayemlia mtoto chakula.

Mizani yenyewe ilikuwa bamba la chuma lililofukiwa sakafuni, pana kama sebule mbili. Mkuu wa kiwanda alitaka kuing'oa. Miezi mitatu nyuma Bi Mizani alikizuia Kipanga kimoja nusu siku kwa sababu kilizidi uzito, wakafungua kila kitu, kumbe ni maji ya mvua yaliyotuama kwenye turubai la juu. Mkuu hakumfokea. Alimwambia kwa upole kwamba akizuia chombo kingine bure, uzito utakuwa unajumlishwa na mashine kutoka kwenye karatasi, naye atahamishiwa stoo ya vitambaa.

Asubuhi hiyo kililetwa Kipanga cha saba, kimetoka matengenezoni, na saa sita kilitakiwa kuruka na wenzake watano. Msimamizi wa matengenezo alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Ni yeye Bi Mizani aliyemwingiza kazini, na shukrani yake ilikuwa kumtania kila siku ya Mungu.

Namba zilipotulia, mafundi walipiga makofi. Chombo kilikuwa kimepungua kwa kilo moja na gramu mia mbili.

"Tumekikondesha, shemeji," alisema msimamizi. "Tia sahihi tukale."

"Mmekikondesha vipi?"

Hakujua. Labda ni rangi, akasema, labda vumbi la safari. Mafundi wakacheka. Katika miaka yote ile kila mtu alifundishwa kuuliza uzito umetoka wapi, na hakuna aliyefundishwa kuuliza umekwenda wapi.

Bi Mizani aliweka kalamu chini. Shemeji yake akasema kwamba mara ile ilikuwa mvua, leo bila shaka ni jua limekausha chombo. Utani huo ulimchoma. Aliikumbuka stoo ya vitambaa, chumba kisicho na dirisha, kinachonuka sabuni. Sahihi ni mstari mmoja tu na kitone.

Nahodha alikuja, msichana mwenye kofia ya chuma kwapani, akauliza wanasubiri nini.

"Chombo chako kimepungua, mwanangu, na sijui kimepungua nini," alimjibu. "Nikitia sahihi, nitakuwa nimesema najua."

Nahodha alitazama saa ya ukutani, kisha akamtazama yeye. "Nakupa nusu saa, mama."

Hakufungua hata kifuniko kimoja. Alikaa kwenye kiti chake, akafumba macho. Uzito wa vifaa vya Kipanga aliujua kwa moyo, kama wengine wanavyozijua beti. Kama ni vitu viwili vya gramu mia sita, basi ni bawaba za mlango. Akamtuma fundi akatazame, zilikuwepo. Kama ni vitatu vya mia nne, ni taa za ndani. Zote ziliwaka. Kama ni vinne vya mia tatu, ni pini za kiti.

Alivua viatu akapanda mwenyewe. Alivitikisa viti vitatu vya mbele, vikagoma. Cha nne, kiti cha mhandisi kule nyuma, nacho kiligoma, maana kilikuwa kimekaza kwenye reli zake. Akapitisha vidole chini yake. Matundu manne, yote matupu. Kingetulia hivyo mpaka kona kali ya kwanza, kisha kingeng'oka na mtu wake.

Pini zilikutwa kwenye beseni la mafuta chini ya meza ya kusafishia. Jana yake shemeji alizichomoa na kuzitia humo kwa mkono wake mwenyewe. Alizibeba zote nne, akapiga magoti ndani ya chombo, akazirudisha moja moja. Mhandisi, mtu mnene mpole ambaye hakuwa ameulizwa lolote tangu asubuhi, alikaa, akajigeuza kulia, akajigeuza kushoto, akasema sasa anajiona amekaa. Waliposhuka wote, mizani ikasoma sawasawa. Bi Mizani akatia sahihi, na Kipanga cha saba kikaruka na wenzake kwa wakati.

Shemeji hakwenda kula. Alipanda ngazi mpaka kwa mkuu na kueleza mkono uliokosea ulikuwa wa nani.

Jioni, kabla ya kufunga, mkuu aliteremka. Mashine ya karatasi hakuitaja. Alisimama pembeni ya bamba kama mtu anayeogopa kulikanyaga, akauliza kumfundisha mtu mwingine kazi ile kunachukua muda gani.

"Kusoma namba ni siku moja," alisema Bi Mizani. "Mengine inategemea mtu."

Nyuma ya mkuu, shemeji aliuliza kwa sauti ndogo kama anaweza kuanza kesho.

Bi Mizani alimtazama kuanzia kichwani mpaka viganjani.

"Uje umenawa mikono," alimwambia. "Mafuta nayo yana uzito."