Sauti Kwenye Jiko la Pumba

Nilikwenda Kyela kwa sababu ya ujumbe wa kipuuzi: eti jiko letu linaita watu. Mimi ndiye niliyelipima maabarani, Dar es Salaam, chini ya bomba la kuvuta hewa chafu. Lilichemsha maji kwa pumba chache za mpunga, na moshi huuoni. Nikalisifu. Zama zile za biashara huria, majiko yalifika Ngonga, kijiji cha Kyela, kabla sijanywa chai ya pongezi.

Basi letu liliacha baridi na ukungu Tukuyu. Kyela joto na mvua vikanipokea pamoja, nikalala mtaa wa Mbugani.

Asubuhi, pikapu ya magunia ikanifikisha Ngonga, nimekumbatia kipimo changu cha hewa. Mama Tusa, mjane aliyetuma ujumbe ule, akanivutia ndani upesi.

"Ndaga, asante kuja, mwanangu, usilowe!"

Akafunga mlango. Mvua ilikuwa imeangusha banda lake la kupikia, kwa hiyo jiko lilikuwa chumbani, linafukuta. Binti yake, Tusa, amelala mchana kweupe, kichwa kinamuuma.

"Mama, jiko chumbani?"

"Si mlisema halina moshi?"

"Na anayeita ni nani?"

"Baba Tusa. Alizama akivuka mto na sabuni kutoka Malawi. Jiko lilipoingia humu, naye akaja."

Nikacheka. Jamani, nilicheka! Nikakaa kwenye kigoda, nikawasha kipimo. Mvua ilipiga bati mfululizo. Kichwa kikaanza kunigonga. Ndipo mwanamume akasema nyuma ya sikio langu, taratibu: "Kidoti."

Nikageuka. Ukuta mtupu. Nywele zilinisimama, kwa maana Kidoti ni jina alilokuwa akiniita marehemu baba yangu, yeye peke yake.

Nikatazama kipimo. Mshale ulikuwa umefika mwisho.

"Tokeni!" Nikambeba Tusa hadi kibarazani, akatapika, akavuta pumzi. Nikamweleza mama yake: pumba zikifukuta hutoa sumu isiyo na rangi wala harufu, inalevya kichwa mpaka mtu asikie yasiyokuwepo, kisha inaua. Maabarani, bomba huivuta. Humo ndani walikuwa wakiivuta wao.

Mama Tusa akanikazia macho. "Nikilitoa, hatarudi."

"Usipolitoa, Tusa atamfuata."

Akarudi ndani. Akalishika jiko kwa matambara, akaliweka kwenye mvua mwenyewe. Lilizimika huku likilia kama nyoka.

Kesho yake nilipita kuaga. "Ugonile?" nikamsalimu kwa Kinyakyusa changu cha kubahatisha.

"Tumelala," akasema. "Kimya tu." Tusa alikuwa anakula ndizi kwa pupa. Mama yake akamtazama, akalia.

Niliporudi Dar es Salaam niliwaambia wenzangu tumekuwa tukipima majiko mahali asipopika mtu. Tukajenga chumba kidogo cha bati, kisicho na dirisha. Jiko likishawaka ndani, natoka haraka, nafunga mlango, nasoma kipimo kupitia kioo. Wenzangu wanadhani naogopa sumu. Mimi naogopa nikiitwa tena, nitaitika.