Hodi ya Tatu

Kabla sijapata chumba Tunduma nilikataliwa kwenye nyumba saba kwa siku mbili, na sababu ilikuwa moja tu, ukapera. Mwenye nyumba wa kwanza alinikagua kuanzia viatu, akauliza mke wangu yuko wapi. Nikasema sina. Akasema chumba kimeshachukuliwa, na maandishi ya chaki, "Chumba kipo", bado yalikuwa mlangoni nyuma ya mgongo wake. Wa tatu aliniambia wazi kwamba makapera wa mpakani huleta wanawake, wanawake huleta madereva, na madereva huleta polisi. Nilimjibu vibaya. Nilikuwa na hasira za karibu wakati ule, na sidhani kama nimezimaliza.

Ilikuwa miaka ya tisini. Biashara ilikuwa imefunguliwa, malori ya Zambia na Kongo yalishinda yamejipanga barabarani, na yeyote mwenye mwandiko mzuri alipata kazi ya kujaza fomu. Nilitoka milimani Ileje nimekaa juu ya magunia ya maharage, nikashukia Mpemba, nje kidogo ya Tunduma, na wakala mmoja wa forodha akanipa kiti, kalamu na karatasi za kaboni. Chumba hakuwa nacho. Aliniruhusu kulala juu ya meza ya ofisi mpaka mwisho wa wiki, na siku ninayoisema ilikuwa Alhamisi.

Dalali aliyenitembeza alikuwa ameshanichoka.

"Braza, imebaki geto moja," alisema. "Bei chee. Ila bi mkubwa wa pale ana masharti yake, wapangaji hawakai."

Bi mkubwa mwenyewe alikuwa mjane wa Kinamwanga, mrefu, aliyepika uji wa ulezi kila asubuhi na kuwauzia madereva. Tulimkuta uani anaosha sufuria, ametupa mgongo. Nilimwamkia mara mbili hakuitikia, nikadhani ni wale wale. Mara ya tatu nikapaza sauti kwa hasira. Akageuka, akatabasamu.

"Marahaba, baba. Paza hivyo hivyo. Masikio yameniacha."

Habari za mke hakuziuliza. Aliniuliza kama nalala usingizi mzito.

"Hapana, mama," nilipayuka. "Nimekua nikilinda mahindi yasiliwe na nguruwe pori. Panya akipita darini, naamka."

Alinitazama kwa muda, kama anayepima kitambaa, kisha akanionyesha chumba. Kilikuwa na milango miwili, mmoja wa uani na mmoja wa bati uliotazama barabara. Kulikuwa na kitanda cha mbao, na kwenye msumari ukutani lilining'inia koti la kiume, zito, rangi ya udongo. Akaniambia ni la mwanawe, mtoto wake pekee. Aliondoka na lori kuelekea Kongo kama utingo, na huo ulikuwa mwaka wa saba.

"Akirudi atapitia mlango huu wa barabarani, ndiyo njia yake," alisema. "Mimi sitamsikia. Wewe utamsikia. Chumba nakupa, ila ninachokodi ni masikio yako, umenielewa? Koti usilitoe. Na siku atakayorudi, unahama siku hiyo hiyo. Hapo tukubaliane kabisa."

Nilikubali. Ningekubali hata kama angeniambia nilale na punda.

Basi nikawa na chumba changu Tunduma. Nilinunua ndoo, taa ya chemli na pazia la mtumba lenye maua ambayo sijui ni ya nchi gani. Wazambia waliokuja kuvusha mizigo wakaanza kunijua, wananisalimu "mulishani" ninapopita, nami najibu kwa maneno mawili matatu ya Kibemba niliyookota ofisini, najiona mtu wa mjini. Jioni mama aliniletea viazi bila mimi kumwomba. Nilipougua malaria alikaa kwenye ukingo wa kitanda kile akinikanda kwa maji, na alipotaka kufunga mlango aliniita mwanangu. Sikuwahi kupendwa kwa urahisi hivyo na mtu asiye ndugu yangu.

Lakini kila asubuhi, kabla hajanipa kikombe cha uji, aliuliza swali lile lile.

"Umesikia kitu?"

Nami nilitikisa kichwa, maana kupayuka mapema hivyo kulinichosha. Ananimiminia uji. Siku zote mia tatu na kitu za mwaka.

Koti lilinisumbua kuliko swali. Siku za mvua lilitoa harufu ya dizeli, kana kwamba mwenyewe ndiyo kwanza amelivua. Mabega yake hayakulegea, yalikaa tu vile, yamejaa. Niligeuza kitanda ili nisilione nikiamka, ikawa sasa liko nyuma ya kisogo changu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Niseme ukweli, nilimchukia yule mtu. Sijawahi kumwona, na nilimchukia kwa sababu siku yoyote angeweza kuingia na kunitoa, na mama yake angefurahi.

Sasa nieleze jambo la kwetu. Milimani ukungu ukishuka huoni hata mgomba ulio hatua tano kutoka mlangoni. Mtu akipiga hodi kutoka ndani ya ukungu na humwoni, bibi yangu alitukataza kuitika mara ya kwanza na ya pili. Aliye hai ana shida yake, alisema, ataita mara ya tatu. Aliyekufa huita mara mbili akachoka, na ukimwitikia umeshamkaribisha. Tulikaa kimya jikoni, watoto watano, tukihesabu kwa vidole hodi za jirani aliyekuja kuomba moto. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikafaulu baiolojia, na hilo halikunitoka.

Ilikuwa Februari, mwaka wangu wa pili pale. Mvua ilikuwa imenyesha, kumepambazuka, na ukungu umekaa barabarani mzito kuliko nilivyowahi kuuona Tunduma. Nilikuwa nimesimama nafunga vifungo vya shati niende kazini. Mama alikuwa uani na uji wake.

"Hodi."

Sauti ya kiume, ya chini, karibu kabisa na bati la mlango wa barabarani. Nilifika mlangoni kwa hatua mbili, mkono wangu ukashika komeo, ukasimama hapo.

"Hodi."

Nikangoja ya tatu. Nilimsikia akipumua. Nilisikia kitu kizito, labda begi, kikiwekwa chini. Nyuma yangu koti lilikuwa kwenye msumari na sikugeuka kulitazama. Tulisimama hivyo, yeye upande wake na mimi wangu, bati moja kati yetu, na sijui ilichukua dakika ngapi. Kisha kile kitu kizito kikainuliwa, na nikasikia buti zikinyonywa na tope, moja, nyingine, zikienda.

Nilipofungua hapakuwa na mtu. Palikuwa na alama mbili za buti zimetazama mlango, zimezama kisigino kama za mtu aliyesimama muda mrefu, na maji yalikuwa yanaanza kuzijaza. Marehemu haachi alama za buti. Hilo nililijua palepale, sikuhitaji baiolojia. Ningeweza kukimbia mpaka barabarani. Nilisimama kizingitini nikizitazama mpaka zikajaa, kisha nikafunga komeo na kutokea uani.

"Umesikia kitu?" mama aliuliza.

Nikatikisa kichwa. Akanimiminia uji.

Kwa miezi kadhaa nilijifariji kwamba alikuwa mpita njia. Mtu wa nyumbani, nilijiambia, asingeondoka hivyo. Angegonga, angeita jina, angezungukia uani. Kisha siku moja mwenyekiti wa mtaa alikuja kwa mlango wa barabarani, akapiga hodi tano sita na ngumi juu yake, nikamfungulia. Alipoondoka nilimwigizia mama zile hodi zake, akacheka mpaka akafuta machozi. Alisema mumewe angekuwa hai, angekuwa ameshatoka mbio kwa mlango wa uani.

Akanisimulia, kwa furaha, kama mtu anayesimulia harusi yake. Enzi za magendo mumewe alivusha sukari na sabuni kutoka ng'ambo, na nyumba hii ilikuwa na utaratibu. Mtu wa nyumbani anaita mara mbili tu, ananyamaza, anangoja. Anayeita mara ya tatu ni askari. Na mtu wa nyumbani akiita mara mbili asijibiwe, anajua ndani hapako salama, au nyumba si yao tena, anaondoka bila kugeuka wala kuuliza majirani.

"Mwanangu amekua hivyo," alisema. "Hata kutoka shule, hodi mbili. Nilimwambia magendo yameisha, hakuacha."

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nakumbuka nilikiweka chini polepole sana.

Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa na mdomo, na yeye alikuwa anautazama, maana siku hizo alikuwa ameanza kusoma midomo. Sikusema. Nimejiuliza maisha yangu yote nani alishika mkono wangu pale kwenye komeo, bibi yangu au kile kitanda. Siku hizi najibu kitanda.

Mwaka wa tatu, baada ya mavuno, mama aliita ndugu zake na mchungaji. Tulidhani anataka kugawa shamba. Alisimama katikati ya uani akatangaza kwamba anataka kuomboleza mtoto wake. Mdogo wake wa kiume alipinga, akasema watu wamerudi kutoka Kongo baada ya miaka mingi kuliko hiyo.

"Mwanzoni nilikuwa nabahatisha," mama alijibu. "Nilisema labda alikuja, nikawa sikusikia. Lakini miaka hii mitatu yupo mwenye masikio mle chumbani." Akaninyooshea mkono mbele ya wote. "Angekuja, huyu angemsikia."

Watu wote walinitazama, na mchungaji akatikisa kichwa kwa kuafiki.

Tulikaa matanga siku tatu. Koti lilitolewa kwenye msumari, likakunjwa, likawekwa juu ya mkeka, na wanawake walilizunguka wakalia. Mimi nilikaa na wanaume kwenye moto, mahali anapokaa mtoto wa kiume wa nyumba, na walionijua walikuja kunipa pole. Nilizipokea. Nilipasua kuni nyingi kuliko zilizohitajika.

Siku ya nne alikuja fundi na matofali, akang'oa mlango wa bati na kuziba. Mama alitaka hivyo. Alisema upepo unaingia bure. Nilimchotea fundi maji ya kuchanganyia sementi, na jioni ukuta ulikuwa mzima, bado una unyevu.

"Sasa chumba ni chako," mama aliniambia. "Hakuna wa kukutoa."

Asubuhi iliyofuata nilitoka uani mapema. Alikuwa ameinama juu ya sufuria, amenipa mgongo, anakoroga. Kwa mara ya kwanza hakuniuliza kitu. Nilisimama nyuma yake, hatua mbili, nikasema kwa sauti ya kawaida, sauti ambayo mtu yeyote mwenye masikio angeisikia.

"Alikuja, mama. Aliita mara mbili. Nilikuwa nimeshika komeo."

Mwiko uliendelea kuzunguka. Kisha akahisi kuna mtu, akageuka, uso wake umevimba kwa machozi ya siku tatu, akanitazama mdomo.

"Umesemaje, mwanangu?"

"Nimesema uji umeiva," nilipayuka.

Akanimiminia.