Kidole cha Mwali

Msaidizi wa daktari alipokuja Kilakala kuchukua damu za watu, mimi nilikuwa mwali katika nyumba ya bibi yangu, na homa ilikuwa imenikalia. Nilikuwa nimewekwa ndani tangu mvua za mwaka uliopita, katika chumba cha nyuma kisicho na dirisha. Kwetu Waluguru, msichana akivunja ungo alifichwa, asionwe na mwanamume wala kupigwa na jua, mpaka mjomba wake aridhie achezwe ngoma na kutolewa. Watu wakisifu kwamba mwali hutoka amenawiri. Mimi nilikuwa nimepauka kama mhogo uliomenywa, na bibi alifurahi.

Homa ilikuja ikaondoka, ikarudi. Bibi alinikanda kwa maji, akaninywesha majani machungu, akanibembeleza kama mtoto mchanga. Kunitoa nje hakukumpitia akilini.

Wakati huo walitawala Wadachi. Jumbe alipita akitangaza kwamba daktari wa bomani amepata elimu mpya kutoka kwao: homa haikai kwa mgonjwa peke yake, hujificha hata katika damu ya mtu anayelima na kucheka, na mbu ndiye anayeisambaza. Kwa hiyo kila mtu angechomwa kidole, damu itazamwe kwa darubini, na mwenye homa apewe vidonge vya kwinini avimeze palepale, msaidizi akimtazama. Siku hizi ukienda kwa daktari yeyote na homa, unachomwa kidole kwanza, na hakuna anayeshangaa. Wakati ule tulidhani Wadachi wamechoka kutuchukulia nguvu zetu, sasa wanataka na damu.

Bibi alitoa kidole chake bila maneno. Changu alikikatalia moyoni. Ukoo wetu hufuata mama, na damu ya mwali ndiyo ukoo wenyewe wa kesho. Mgeni aipake kwenye kioo aende nayo, kabla mwenyewe hajatolewa? Basi alimwita dada yangu, binti wa mama mkubwa, aliyekuja kututembelea kutoka juu milimani kwenye baridi, ambako mbu ni haba. Dada alikuwa amekwisha kuchezwa na kuolewa. Bibi alimsimamisha nyuma ya mlango wa chumba changu, akamwambia apenyeze mkono nje.

Niliyaona yote nikiwa nimelala kitandani. Nilitaka kusema, lakini mwali hapazi sauti mwanamume akiwa nyumbani, na mimi nilikuwa nimefundwa vizuri mno. Nilimchukia dada kwa ule mkono wake mzima.

Msaidizi alirudi na majibu. Bibi, ambaye hata kichwa hakikuwa kikimuuma, alikutwa na homa katika damu.

"Mwali wenu ni mzima," msaidizi alisema. "Damu yake safi."

Nilikuwa natetemeka mpaka kamba za kitanda zinalia. Bibi alipewa kwinini. Alijaribu kukificha kidonge kimoja shavuni aje anipe mimi, msaidizi akamwambia afungue kinywa, akakiona, akangoja mpaka akimeze. Alikuja kuketi karibu yangu akilia kwa uchungu wa dawa na wa mambo yote. Nilimwonea huruma, na bado nilitaka kumpigia kelele.

Nilianza kuona wazi kwamba nitafia mle ndani, na kwamba nitazikwa kama mtu aliyepimwa akaonekana mzima. Hilo la pili lilinikasirisha zaidi. Msaidizi alipokuja tena kumpa bibi dawa, niliinuka nikishika ukuta, nikasukuma mlango, nikasimama jikoni mbele yake.

"Kidole kile hakikuwa changu," nilisema.

Bibi alinitupia nguo kichwani, lakini nilikwisha kuonwa. Yule mwanamume alinitazama macho, akanigusa shingo, akanichoma kidole. Hakungoja darubini, alinipa kwinini siku ileile, na kila alipokuja aliniita mlangoni nimeze.

Nilipona. Ndipo mjomba akaitwa. Aliketi na wazee wa ukoo uani, bibi akajitwika lawama yote, akaomba nihurumiwe. Waliamua kwamba mwali aliyeonwa na mwanamume hajakaa ndani: nianze upya, tangu siku ya kwanza. Mjomba mwenyewe alikuja kuniambia, akiwa amesimama upande wa pili wa mlango. Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia kwa upole, akaniuliza kama homa imekwisha kabisa. Nilimjibu kwamba imekwisha.

"Vizuri, mwanangu," alisema. "Utaanza ukiwa na afya."

Nilipokuwa na homa siku zilipita nikiwa nusu usingizini, sikujua asubuhi wala jioni. Sasa miguu ilikuwa na nguvu, njaa ilinishika sawasawa, na nilimsikia kila mtu aliyepita akienda mtoni. Bibi alifunga mlango taratibu, asinishtue.