Marahaba ya Mchukuzi wa Badjanani

Mwanangu, ukitaka nikueleze namna ya kumpa mtu bakshishi ugenini, itabidi uvumilie kwanza habari za kasuku. Ndizo zinazonijia, na kichwa changu hakijapata kufuata njia iliyonyooka.

Bibi yangu, pale Ng'ambo ya Unguja, alikuwa na kasuku wa kijivu aliyetundikwa barazani. Alijua neno moja tu, tena hakufundishwa na mtu, aliliokota mwenyewe kwa kumsikia bibi akiitikia watu kutwa. "Marahaba!" Unapita zako na kapu lako la samaki, mawazo mbali, mara unasikia: "Marahaba!" Basi utawaona watu wazima na ndevu zao wamesimama kama waliokanyaga mwiba, wanarudi nyuma. "Shikamoo, bibi, unisamehe, jua hili." Maana kwetu mkubwa akikuitikia shikamoo ambayo hukuitoa, amekuchapa bila fimbo. Anakwambia: adabu yako naingoja, naona imechelewa njiani. Kulikuwa na mkusanya ushuru mmoja, mtu wa majivuno, yeye alirudi akamwamkia kasuku mwenyewe, kwani bibi alikuwa jikoni. Tulicheka mpaka wali ukapoa.

Bibi alikufa, kasuku akabaki, akawa anawaitikia watu kwa niaba ya marehemu.

Sasa bibi aliacha mabinti wawili, mama yangu na mdogo wake, mama mdogo Eshati. Huyu Eshati aliolewa na Mngazija akapelekwa Majunga, Bukini, kile kisiwa kikubwa cha kusini, nami bado natambaa. Halafu Majunga kukaharibika, Wangazija wakapigwa na kufukuzwa, waliopona wakarudishwa visiwani kwao. Barua zikakatika. Mtu akasema mume kafa, mwingine akasema wamekufa wote, na mabaharia wakaleta uvumi kwamba mwanamke wa Kiunguja ameonekana Patsy, kijiji cha juu ya Mutsamudu. Mama yangu alikuwa mgonjwa wa kifua. Akanishika mkono akasema, "Nenda ukanitazamie kama yupo. Nikifa sijui, sitapata usingizi huko niendako."

Ndipo nikaingia meli ya mizigo, kijana ambaye darasa niliishia la nne, nikashuka Moroni.

Enzi hizo Moroni walikuwepo mamluki, Wazungu wa sare nyeusi, waliokuja na bunduki wakamweka rais na kubaki kumlinda, kama paka anavyolinda samaki. Asubuhi ya kwanza nilikaa mkahawani kunywa kahawa, na mmoja wao yuko meza ya pili. Alipomaliza alisimama, akaitupa noti juu ya sinia bila kumtazama mtumishi, akatoka. Mtumishi akaifagia ile noti kwa kitambaa alichofutia meza, pamoja na makombo. Hilo la kitambaa sikulitia maanani. Nilichokiona mimi ni ule mkono wa kutupa. Nikasema moyoni, ala, kumbe wasafiri ndivyo watoavyo.

Basi sanduku langu nilimpa mchukuzi, mzee mwembamba mwenye ngata ya matambara kichwani. Akalibeba kutoka bandarini, vichochoro vya Badjanani vile, mtaa wa kale wa Moroni, ambavyo watu wawili wakikutana mmoja lazima ajibane ukutani, mpaka nilipopanga chumba. Nikamlipa ujira tuliokubaliana. Halafu nikaiga. Nikachukua sarafu kwa vidole viwili, uso nimeutazamisha juu madirishani, nikaidondosha kiganjani mwake.

Mzee akasema, "Marahaba."

Weee! Nilimwona bibi, nikamwona kasuku. Mzee rika la babu yangu amenibebea mzigo njia nzima, sikumwambia shikamoo, nikamdondoshea fedha kama anayelisha kuku, na sasa amenirudi kwa neno moja! Nikafungua kinywa, lugha yake sina, na yeye keshageuka.

Usiku huo nilikata shauri. Watu wa visiwa hivi, nikasema, bakshishi ni tusi kwao, wanataka heshima. Kuanzia kesho simwongezei mtu hata sumni, na kila mtu atapata shikamoo yake.

Nikavuka kwa meli yetu ileile kwenda Mutsamudu, kisiwa cha pili, na shauri langu hilo la kipumbavu. Aliyenishusha mashua, shikamoo. Aliyenionyesha stendi, shikamoo. Mwuza mandazi sokoni, binti mdogo kuliko mimi, nikamwinamia nikampa shikamoo yake. Akawaita wenzake waje kunitazama.

Dereva niliyempata aliitwa Humadi, mtu wa makamo, tumbo mbele, gari lake la kubebea abiria limefungwa mlango kwa kamba. Kwa bahati alijua Kiswahili, alikuwa baharia ujanani, Unguja alikaa. Tukapatana nauli ya Patsy. Nilimwambia shida yangu yote, na kwamba meli inaondoka kesho. Alikuwa mwema yule bwana. Patsy hakunishusha barabarani akaenda zake. Alizima gari, akateremka, akabisha hodi nyumba hadi nyumba akiniulizia kwa lugha yao, jua linamchoma kipara. Mwisho bikizee mmoja akasema, ndiyo, Eshati wa Majunga yupo, hai, lakini amekwenda kufanya kazi shamba la milangilangi, miti ya maua ya marashi, mbele zaidi, njia ya mawe.

Hai! Nilimshika bikizee mikono yote miwili, mwanangu.

Humadi akajipangusa jasho, akaniangalia. Nikampa nauli ya Patsy, sawasawa na mapatano, nikainama. "Shikamoo, Bwana Humadi."

"Marahaba," akasema. Akangoja. Mimi nikatabasamu. Akatazama mkono wangu, akatazama njia ya mawe. "Haya, nakutakia heri," akasema, akafungua kamba ya mlango.

"Hunipeleki shambani?"

"Mapatano yetu Patsy. Patsy ndiyo hii umesimama juu yake."

"Shikamoo, bwana, nakuomba..."

"Shikamoo, shikamoo!" Akalipuka. "Tangu Mutsamudu unanishikia miguu! Shikamoo inaingia kwenye tangi? Magurudumu haya nitayavisha shikamoo? Nimekugongea milango kama mshenga, hata neno la 'chukua hii ukanywe chai' hukulisema! Mkono mtupu haulambwi, we Mzanzibari. Au mama yako hakukwambia?"

Nikaanza kutokwa na machozi, nakwambia kweli. Mama mdogo yuko nyuma ya kilima, meli kesho, na mtu pekee wa kunifikisha anafunga mlango wake. Ikabidi niseme. Nikamweleza habari ya mchukuzi wa Badjanani, sarafu yangu, na ile marahaba iliyonichoma.

Humadi akaacha kamba. "Alisema nini?"

"Marahaba."

"Ukampa fedha, akakwambia marahaba."

"Ndiyo."

Mwanangu, yule mtu alicheka mpaka akakaa chini barabarani. Yule bikizee akatoka kuuliza, akaelezwa, akacheka naye, kisha nyumba ya pili ikacheka. "Ewe kijana," akasema akishika mbavu, "huku kwetu marahaba ni ahsante! Mzee wa watu alikushukuru!"

Nilihisi kama aliyetuliwa gunia la chumvi mgongoni. Nikacheka nami, machozi bado yanatoka. Nikatoa fungu nililowanyima watu tangu Moroni, nikataka kumpa lote pale pale kwa furaha. Akanizuia. "Polepole, usinimwagie kama wale wa sare nyeusi. Ngoja kwanza nikufikishe. Na ukimwamkia mkubwa huku sema kwezi. Atakujibu mbona. Sasa usije ukaanza kumweleza sababu!"

Tulimkuta mama mdogo chini ya miti mifupi iliyopindapinda, kanga imejaa maua ya manjano, amekonda, mvi zimemjaa, lakini pua ni ya mama yangu kabisa. Nikajitaja. Hakulia. Jambo la kwanza aliloniuliza: "Kasuku wa mama bado anawaitikia watu?"

"Bado, mama mdogo."

"Alhamdulillahi," akasema, ndipo akakaa chini juu ya maua yake akalia. Akanipa maneno ya kumpelekea mama. Mengine ni yao wawili, sitayasema. Niliyafikisha, na mama akalala usingizi wake hapa hapa duniani, akaishi miaka mingi baadaye.

Tuliporudi Mutsamudu nilimpa Humadi mkono wa kulia, fedha imefichwa ndani ya kiganja, nikamtazama usoni, nikasema, "Bwana wangu, hii ya chai." Akasema, "Marahaba." Nikalisikia neno lilelile likipita masikioni kama maji baridi.

Lakini njiani nilifikiri. Mzee wa Badjanani hakunirudi, sawa. Mbona basi lilinichoma? Aa, mwanangu, kofia ikikukaa hata ya kuazima ni yako. Alinishukuru, na mimi nilistahili kurudiwa.

Kwa hiyo shika haya. Ukifika nchi ya watu usiige mkono wa mgeni mwenzio, hasa mgeni mwenye bunduki. Muulize mwenyeji, wao hupeana vipi. Usitoe fedha ukadhani umemaliza adabu, wala usiamkie ukadhani umemaliza malipo. Aliyetoka jasho apewe vyote viwili. Salamu kwanza, kisha mkono wa kulia, na macho yako yawe juu ya mtu, si madirishani. Mapatano ni haki yake, kilichozidi ni moyo wako, na kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na neno la watu likikuchoma, liulize siku ile ile. Mimi la kwangu nililibeba mpaka Patsy, karibu linikoseshe mama mdogo.

Meli yetu ilipitia tena Moroni kupakia. Nikashuka mbio hadi Badjanani, nikamkuta yule mzee amekaa kizingitini, ngata mapajani. Nikasimama mbele yake. "Kwezi."

"Mbona," akasema. Nusura nimweleze sababu!

Nikampa kwa mkono wa kulia. Sikujua kama alinikumbuka. Alinishika kiganja akakishikilia, akasema "Marahaba," kisha akasoma dua ndefu kwa lugha yao, nikaambulia jina la Mungu na neno salama. Hiyohiyo ndiyo nakuombea wewe uendako, mwanangu: Mungu akupeleke salama, akukutanishe na watu wema, na akurudishe kwenu mkono wako umeshukuriwa. Basi mzee alipomaliza dua yake nikaitikia amin. Mzee akaivaa ngata yake, akaingia kichochoro cha upande wa msikiti, akaenda zake. Sikumwona tena.